Kufuli la Duffy: Karatasi ya maabara inapokutisha bure

HEBU fikiria, msomaji, kwamba umekwenda kupimwa damu kwa ajili ya kazi mpya, au kabla ya upasuaji mdogo. Hujihisi mgonjwa. Chakula kinaingia, usingizi unakuja. Karatasi ya maabara inarudi, na kando ya chembechembe nyeupe pana alama ya kuonyesha kwamba ziko chini. Moyo unapiga paa! Mkazi wa jiji aliyesikia habari za ukimwi na saratani ya damu tangu utotoni haihitaji kufasiriwa alama hiyo. Ameshajiandikia wasia kabla hajafika kituo cha matatu.

Huenda huna ugonjwa wowote. Huenda ulichonacho ni urithi wa kale, wenye jina la mtu ambaye wazazi wako hawakuwahi kumsikia.

Mtu huyo alikuwa mgonjwa wa London aliyeitwa Duffy. Aliugua hemofilia, maradhi ambayo damu haigandi upesi mtu anapoumia, na kwa hivyo alikuwa ameongezewa damu ya watu wengine mara kadhaa. Safari moja baada ya kuongezewa, mwili wake ukaikataa damu hiyo na akaingiwa na umanjano. Mnamo 1950 wataalamu walitangaza kwamba mwili wake ulikuwa ukipigana na kitu fulani kilichokaa juu ya chembechembe nyekundu za wafadhili wake. Wakakiita Duffy, na jina likabaki.

Kitu hicho ni protini. Wataalamu huiita kipokezi, nawe waweza kuifikiria kama kitasa cha mlango kilichotokeza nje ya ukuta wa chembe. Imefumwa ndani na nje ya ukuta huo mara saba, mfano wa uzi katika pindo la kanga. Kazi yake ni kushika jumbe za kemikali ambazo mwili hutuma panapokuwa na jeraha au uvimbe. Jeni yake, yaani maagizo ya kuitengeneza, iko katika kromosomu ya kwanza. Mnamo 1968 Roger Donahue, mwanafunzi wa Marekani, aligundua kwamba kromosomu yake mwenyewe ya kwanza ilikuwa na umbo lisilo la kawaida. Akawapima jamaa zake, na kwa kufuata umbo hilo na damu ya Duffy katika ukoo akapata mahali jeni ilipo. Tukiacha zile zinazohusu jinsia, hiyo ndiyo jeni ya kwanza ya binadamu kupangiwa kromosomu yake.

Lakini kisa kinachotuhusu sisi kilikuwa kimekwisha kuanza. Mnamo 1955 watafiti waliopima damu ya watu weusi wa New York waliona jambo la ajabu: wengi wao hawakuwa na Duffy kabisa juu ya chembechembe nyekundu. Afrika Magharibi na ya Kati, karibu kila mtu yuko hivyo. Kwetu Afrika Mashariki pia wengi wako hivyo, ingawa ukielekea Ethiopia utawapata wenye Duffy na wasio nayo wakiishi pamoja.

Mbona kitasa kikakosekana kwa mamilioni ya watu, nao wakaishi salama salimini? Jibu lilitoka kwa mbu. Kuna malaria ya aina kadhaa, na mojawapo huletwa na kimelea kiitwacho vivaksi, kinachosumbua sana Asia na Amerika Kusini. Mnamo 1976 Louis Miller na wenzake huko Marekani walieleza jinsi watu waliojitolea walivyoumwa na mbu wenye vivaksi. Wasiokuwa na Duffy, watano kwa idadi, hawakuugua. Kimelea kilifika mlangoni kikakosa pa kushika.

Mnamo 1995 watafiti wa Ufaransa walionyesha kosa liko wapi. Ni herufi moja tu ya jeni iliyobadilika, tena mahali pa swichi. Waama, protini yenyewe haikuharibika. Swichi imezimwa katika chembechembe nyekundu pekee, huku kuta za mishipa midogo ya damu zikiendelea kuwa na Duffy kama kawaida. Ni kama nyumba iliyozimwa taa ya barazani tu, kusudi mwizi asione mlango.

Usije ukatupa chandarua, msomaji! Malaria inayoua watoto wetu huletwa na kimelea kingine, falsiparamu, ambacho kina milango yake na hakijali Duffy. Hata vivaksi si mjinga. Mnamo 2006 watafiti walichapisha dalili kwamba kilikuwa kikienea magharibi mwa Kenya miongoni mwa watu wasio na Duffy, na mnamo 2010 ikaripotiwa kutoka Madagaska kwamba watu wa namna hiyo waliugua.

Sasa turudi kwenye ile karatasi ya maabara. Mnamo 2009 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba herufi ileile iliyozima swichi huambatana na upungufu wa nutrofili, zile chembechembe nyeupe zilizo askari wa mstari wa mbele dhidi ya bakteria. Vitabu vingi husema zikipungua chini ya 1500 kwa mikrolita moja ya damu, kuna kasoro. Mtu asiye na Duffy aweza kuwa nazo 1200 maisha yake yote, na asiugue zaidi ya jirani yake. Uboho wa mifupa yake unatengeneza askari kama kawaida. Wataalamu wengi wanaamini kwamba wengi wao wamepiga kambi katika viungo badala ya kuzurura katika damu.

Kipimo, basi, kilitokana na damu za watu wengine, sisi tukavalishwa. Kiatu cha Juma hakimtoshi Ali, lakini hapa ni Ali anayeambiwa mguu wake una kasoro. Nalo si jambo la kuchekea. Mgonjwa wa saratani aweza kucheleweshewa dawa, au kupunguziwa, kwa sababu hesabu iko chini ya mstari ambao hakuwahi kuuvuka hata alipokuwa mzima. Mwenye maradhi ya akili aweza kunyimwa klozapini, dawa inayowasaidia waliozishinda nyingine. Marekani ilibadilisha masharti ya dawa hiyo mnamo 2015 ili watu wa namna hii wapewe mstari wao, ulio chini zaidi.

Hapa tahadhari inahitajika pande zote mbili. Dawa za saratani hushusha nutrofili kwelikweli, na mgonjwa anayezitumia akipata homa ni wa kukimbizwa hospitalini usiku huohuo, awe na Duffy au asiwe nayo. Nutrofili zilizokuwa 3000 mwaka jana zikawa 1100 leo pia zataka kuchunguzwa.

Ndiyo maana karatasi za zamani ni mali. Zile za kliniki ya wajawazito, za kupimwa kabla ya chuo, zilizokunjwa ndani ya Biblia au chini ya godoro, zitoe umpelekee daktari, umwulize: je, hii si hesabu yangu ya siku zote? Waulize pia ndugu wa tumbo moja, kwa maana swichi iliyozimwa lazima itoke kwa baba na kwa mama. Kuna kipimo cha damu cha kuonyesha kama una Duffy au huna, ingawa si kila maabara inacho. Karatasi ya mwaka juzi haitakugharimu hata senti.