Ujirani Huanza na Ngazi ya Kuazima

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam watu hujuana msibani. Turubai likishafungwa na viti vikishapangwa, ndipo mpangaji wa uani anapolijua jina la mwenye nyumba ya pili. Desturi ya kuzikana ni hazina, ila ina kasoro moja: inangoja balaa. Ujirani wa kutegemewa hujengwa siku za kawaida, na njia nyepesi ya kuujenga ni kuazimana vitu: ngazi, toroli, sufuria kubwa ya pilau. Anayekuja kuomba ngazi hujua, bila kupeleleza, nani hushinda nyumbani mchana na nani anauguza mzee ndani.

Maarifa hayo huokoa maisha. Januari 17, 1995, tetemeko la ardhi liliua watu zaidi ya 6,000 katika mji wa Kobe, Japani, na viunga vyake. Wengi waliotolewa kwenye vifusi wakiwa hai waliokolewa na jamaa na majirani, waliokuwa hapohapo kabla ya vikosi kufika. Julai mwaka huohuo joto kali lilisababisha vifo zaidi ya 700 Chicago, Marekani. Mwanasosholojia Eric Klinenberg alilinganisha mitaa miwili inayopakana, yote ikiwa na maskini na wazee wengi wanaoishi peke yao. Kule ambako maduka yalikuwa wazi na wazee walizoea kutoka, vifo vilikuwa vichache zaidi.

Wapo watakaosema vitu vikiazimwa havirudi, majirani ni wambea, na wapangaji huhama kila mara. Hofu hiyo si ya bure, lakini dawa yake ni utaratibu. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza malisho ya Uswisi na mifereji ya Uhispania iliyotumiwa kwa pamoja kwa karne nyingi. Ilidumu kwa sababu watumiaji walijitungia kanuni, wakaangaliana, na mkosaji akaadhibiwa kwa kiasi kwanza. Vikundi vya kufa na kuzikana vinaijua hekima hiyo: sufuria hutiwa alama ya rangi, mtunza vyombo hushika daftari, na kilichopotea hulipwa. Mpangaji akihama, daftari hubaki. Na kuazima toroli hakumlazimishi mtu kutoa siri za nyumbani kwake. Nyumba tano zinatosha kuanza, kila moja ikitaja kitu kimoja inachoweza kuazimisha na siku ya kukirudisha.