Msumbiji: Askari hufungua njia, mzigo hufuata

Msumbiji inawapa wafanyabiashara somo moja kubwa. Nchi inayotoka vitani haianzi kujengwa kwa mikopo, huanza kujengwa barabarani. Lori lisipopita salama, bei haishuki.

Vita kati ya serikali ya Frelimo na Renamo vilikata njia zinazounganisha bandari za Msumbiji na nchi jirani zisizo na bahari. Reli ya Sena, kutoka Beira hadi Moatize, ilisimama katika miaka ya 1980. Zimbabwe ilianza kupeleka askari mwaka 1982 kulinda barabara, reli na bomba la mafuta la Beira, ili isitegemee mno bandari za Afrika Kusini ya makaburu.

Baada ya mkataba wa Roma wa Oktoba 4, 1992, Umoja wa Mataifa ulipeleka kikosi cha ONUMOZ. Waitaliano walilinda njia ya Beira, Wabotswana njia ya Tete, Wabangladesh njia ya Nacala na Wazambia njia ya Limpopo. Faida kwa biashara ilikuwa wazi: mzigo unaosubiri msafara wa ulinzi hulipiwa ghala, posho ya dereva na bima ya hatari, na gharama hizo zote humwangukia mnunuzi.

Kazi ya pili ilikuwa kuwarudisha askari uraiani. Zaidi ya 70,000 wa pande zote mbili waliacha bunduki. Walilipwa fedha kwa miaka miwili ili waanze maisha, badala ya kuziba barabara wakidai chao.

Hata hivyo jeshi lina mpaka. ONUMOZ ilimaliza kazi Desemba 1994, lakini nchi ilitangazwa kuwa haina tena mabomu ya ardhini mwaka 2015 tu, baada ya kazi ndefu ya mashirika ya kiraia. Makaa ya mawe ya Moatize yalianza kusafirishwa nje kupitia Beira mwaka 2011, karibu miaka 20 baada ya amani.

Somo hilo limejirudia Cabo Delgado, mpakani na Mtwara. Mradi mkubwa wa gesi ulisimama Aprili 2021 kutokana na mashambulizi, na askari wa Rwanda wakaingia Julai mwaka huo.

Mwenye mtaji anayetazama soko la namna hiyo aulize maswali mawili: nani analinda njia leo, na nani atalipia matengenezo askari wakishaondoka? La pili likikosa jibu, ni mapema mno kununua malori.