Mrututu Hausafishi Maji

Swali ni lile lile, na aghalabu huja likiwa limekwisha kujijibu nusu: bwawa la samaki, au lambo la kunyweshea mifugo, au birika la shule limegeuka kijani, na muulizaji, akiwa amekwisha kununua mrututu kwa muuza pembejeo, ataka kuambiwa tu vijiko vingapi vitatosha. Kama mrututu wenyewe wafaa kutiwa, haulizi mtu. Hilo limechukuliwa kuwa ni yakini. Kipimo kinachofaa maji yote hakipo. Katika maji magumu yenye chokaa nyingi shaba hugandamana na kuzama kabla haijafanya kazi, ilhali katika maji laini kijiko kile kile chaweza kuua samaki wote waliomo. Kwa hiyo anayekupa kipimo pasipo kuyapima kwanza maji yako anabahatisha, na anabahatisha kwa siha ya watoto wako.

Itikadi hii ya kwamba mrututu husafisha maji haikuzuka bure. Mrututu ni chumvi ya shaba, na shaba huua mwani kwa hakika. Mwaka 1904 Moore na Kellerman, wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, walieneza habari ya kuutumia katika mabwawa ya maji ya miji. Wakulima wa kahawa wameuzoea kwa kupulizia mibuni. Na kwa miaka mingi ulitumiwa kuua konokono wa kichocho. Mwani wenyewe wahitaji shaba ili uishi, lakini chembe tu. Ikizidi, huingia katika klorofili na kutwaa mahali pa magnesiamu, mwani ukashindwa kujitengenezea chakula kwa nuru ya jua, kisha utando wa seli hupasuka, yaliyomo yakavuja, na kwa siku chache kijani chote hutoweka. Maji hung'aa, na hapo ndipo watu wanapoghurika, kwani wamekwisha kuamini kwamba maji meupe ndiyo maji safi.

Sivyo hata kidogo. Kijani kinachotanda juu ya maji kama rangi iliyomwagika, kile kinachoonekana katika Ghuba ya Winam na Ghuba ya Mwanza huko Ziwa Victoria, aghalabu si mwani halisi, bali ni bakteria wa kijani-buluu wanaoishi kwa nuru kama mimea, na mashuhuri miongoni mwao, Microcystis, aweza kubeba ndani ya seli zake sumu inayodhuru ini. Maadamu seli ni hai, sehemu kubwa ya sumu imefungwa humo humo. Ukizipasua seli hizo kwa shaba, sumu huachiliwa majini, ikawa haina rangi wala haiondoki kwa kuchemshwa. Mama aliyekuwa akiwakataza wanawe kuyagusa maji ya kijani sasa huwachotea meupe kwa moyo mkunjufu.

Anayedhani natia chumvi na asome habari za Kisiwa cha Palm, Queensland, nchini Australia. Mwaka 1979 wakazi wa huko walilalamikia ladha na harufu ya maji ya bwawa la Solomon. Bwawa likatiwa mrututu. Na baada ya siku chache watu 148, wengi mno wakiwa watoto, walilazwa hospitali kwa kutapika na kuvimba ini. Uchunguzi wa baadaye ulielekeza lawama kwa sumu ya Cylindrospermopsis, bakteria wa jamii hiyo hiyo ya kijani-buluu, waliokuwa wamestawi bwawani kabla ya kutiwa dawa. Hakuna aliyekusudia ubaya, na hilo ndilo linalonitia hofu kila niletewapo swali la vijiko.

Na hata pasipo sumu, dawa hii hujiharibia kazi. Shaba huwaua vijidudu wanaoula mwani upesi kuliko inavyoua mwani wenyewe; mwani uliokufa huoza na kumaliza oksijeni, hata alfajiri ukawakuta sato wakitweta juu ya maji; fosforasi iliyokuwa ndani yake hurudi majini ikawa chakula cha mwani mpya usio na wa kuupunguza. Shaba nayo haiozi, hutuama topeni. Katika maziwa ya Fairmont, jimbo la Minnesota, yaliyotiwa mrututu kwa miaka 58, watafiti walikuta shaba imelundikana matopeni, oksijeni imepungua, samaki wamekufa, na mwani wa kijani umetoa nafasi kwa jamii ya kijani-buluu inayostahimili zaidi.

Basi fanyeni haya. Birika lifunikwe lisipate nuru, kwani gizani mwani hauoti. Bwawani, punguzeni chakula cha samaki na samadi, acheni ukanda mpana wa majani baina ya shamba na maji, msikoge wala kufulia humo, na mifugo inyweshwe kwenye hori nje ya lambo. Utando ukitanda, ukusanyeni upande ulikosukumwa na upepo, mkauzike mbali. Maji ya mifugo yavuteni chini ya utando. Ya kunywa tafuteni kwingine, ya mvua au ya kisima. Na ikiwa mrututu umekwisha kutiwa, asiyanywe mtu wala mnyama, yang'ae yatakavyong'aa, mpaka maabara ya maji iwe imeyapima shaba na sumu ya bakteria pia.