Kirikuu, dalali na utingo: fedha ya kuhama nyumba inaenda wapi

Chukua nyumba ya vyumba viwili Tabata yenye kodi ya shilingi 300,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi, yaani 1,800,000. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, 300,000. Mpangaji ametoa milioni mbili na laki moja kabla hata kijiko kimoja hakijatoka ndani, na ametoa bila maneno mengi kwa sababu ndivyo mji ulivyozoea. Kisha anakwenda kijiweni kutafuta kirikuu, lile gari dogo la mizigo, na hapo ndipo anaposimama juani nusu saa nzima akivutana na dereva kwa shilingi elfu tano.

Mvutano huo unaonyesha jinsi biashara ya kuhamisha watu inavyokwenda Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya gharama haiguswi. Sehemu ndogo inagombewa kwa ukali, tena inagombewa vibaya, kwa kuwa bei hupangwa kabla mzigo haujaonekana. Dereva anaulizwa, "Tabata hadi Mbezi shilingi ngapi?" Naye hujibu swali aliloulizwa, yaani umbali. Kabati la milango mitatu, friji, ngazi za ghorofa ya pili na kichochoro kisichopitisha gari hujitokeza baadaye, na kila kimoja huja na bei yake.

Wateja hawapungui. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na wapangaji ni wengi mno. Mzunguko wao huendeshwa na mkataba wa miezi sita au mwaka. Nairobi mambo ni tofauti: mpangaji wa kawaida hulipa mwezi kwa mwezi baada ya kuweka dipoziti, kwa hiyo wenye pikapu huvuna mwisho wa mwezi na kushinda wakisubiri katikati. Dar kazi imesambaa mwaka mzima, ingawa Desemba na Januari huchangamka kwa wazazi wanaohama kufuata shule. Kwa mteja hiyo ni nafuu, mradi asijibane kwenye Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wenye mishahara wanapotafuta magari wote kwa pamoja.

Dalali anahitaji jicho la karibu zaidi, maana ndiye anayeondoka na fungu nono kwa kazi ya siku chache. Tatizo lake si uroho, kama inavyosemwa vijiweni. Tatizo ni kwamba anayemlipa ni mpangaji, wakati atakayempa kazi kesho ni mwenye nyumba. Kwa hiyo hatakuambia kwamba maji hutoka mara mbili kwa wiki, au kwamba mvua za masika hufunga barabara ya ndani. Hayo muulize jirani, mlinzi, au mama anayeuza maandazi mtaani. Kodi za nyumba hazina mdhibiti tena: sheria iliyozidhibiti, ya 1984, ilifutwa 2005, na tangu hapo masharti ni ya makubaliano kati ya pande mbili. Maana yake ni kwamba miezi sita inaweza kujadiliwa ikawa mitatu, hasa kwa nyumba iliyokaa tupu muda mrefu. Wachache hujaribu. Kodi ilipwe kwa jina lililo kwenye mkataba, si kwa namba ya simu ya dalali, na ujira wa dalali utoke mkataba ukishasainiwa na funguo ziko mfukoni.

Jambo moja zaidi la kuombwa siku hiyo ya kusaini, ambalo mara nyingi halina gharama: ruhusa ya kuingia siku mbili au tatu kabla ya kodi ya zamani kuisha. Anayehama asubuhi huku mpangaji mpya akimsubiri mlangoni hana nguvu ya kukataa bei yoyote.

Sasa gari. Kirikuu, mara nyingi Suzuki Carry, ni gari lililotengenezwa kwa masharti ya Japani ya magari madogo: injini isiyozidi cc 660, urefu usiozidi mita 3.4, mzigo usiozidi kilo 350. Hapa kwetu limefungwa vyuma pembeni likawa gari la saruji, la matunda, la viti vya harusi na la kuhama. Sehemu ya mzigo ina urefu wa karibu mita 1.9 na upana wa mita 1.4. Godoro la futi tano kwa sita lina upana wa mita 1.5, kwa hiyo haliingii likiwa limelala, sembuse la sita kwa sita. Litasimamishwa ubavu, litafungwa kamba, litakula nafasi ya vitu vingine. Ndiyo maana nyumba ya vyumba viwili inayoonekana ndogo hugeuka safari tatu, na safari ya tatu ndiyo inayoangukia kwenye foleni ya jioni ya Barabara ya Morogoro.

Lori dogo aina ya Canter hugharimu zaidi kwa safari moja, lakini hubeba tani mbili au zaidi na huenda mara moja. Kwa umbali mfupi, ndani ya kata, kirikuu kwa safari mbili kinafaa. Ukitoka Mbagala kwenda Bunju, Canter karibu kila mara ni rahisi ukihesabu muda na hela ya kula ya vibarua. Mwanafunzi au kijana mwenye chumba kimoja, kitanda kimoja na jiko la gesi, guta la matairi matatu linamtosha, na asione aibu.

Kwa nini dereva hupandisha bei? Wengi wao si wenye magari. Jioni kuna hesabu ya bosi, mafuta yanatoka mfukoni mwa dereva, na bei ya mafuta hubadilika kila mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei kikomo. Kazi ya kuhama ni ya kubahatisha kwake. Anaweza kufika akakuta mzigo umepangwa getini, au akakuta vyombo bado viko kabatini na baba wa nyumba kaenda kutafuta kamba. Saa mbili za kusubiri ni safari moja ya saruji aliyoikosa. Kwa kuwa hajui atakutana na mteja wa aina gani, humtoza kila mteja bei ya yule mzembe. Anayeonyesha mapema kwamba si mzembe hupunguziwa, na hiyo ndiyo siri ya kupatana bei katika biashara hii. Kulia njaa hakusaidii sana.

Kuonyesha ni rahisi siku hizi. Piga picha ya kila chumba, tuma kwa madereva watatu kwa WhatsApp. Taja ghorofa, umbali kutoka gari linapoishia hadi mlangoni, na kama barabara ya huko inapitika mvua ikinyesha. Uliza bei ikiwa na kupakia, kushusha, turubai na kusubiri. Jibu libaki kwenye simu kama maandishi. Tanguliza kidogo, nusu ikibidi, na umalizie chombo cha mwisho kikishaingia ndani.

Neno "kushusha" linastahili kurudiwa. Ugomvi mwingi huzuka hapo. Utingo na vibarua walikubali kupakia. Wakifika, jua linazama, wanauliza nani atashusha. Mzigo uko juu ya gari, giza linaingia, majirani wapya wanachungulia. Mteja hulipa. Sioni sababu ya kuwaita wezi watu wanaobeba friji kwa mgongo hadi ghorofa ya tatu. Kushusha ni kazi na ina malipo yake. Kosa ni kuacha malipo hayo yajadiliwe saa kumi na mbili jioni badala ya kujadiliwa siku tatu kabla.

Kuna mtu mwingine katika mnyororo huu ambaye wateja humruka ili kuokoa fedha, na ndiye ninayemwona wa thamani kuliko wote: fundi seremala. Makochi na vitanda vya mafundi wa Keko hutengenezwa kwa mbao ngumu, vizito, na mara nyingi vimepimwa kwa macho. Kochi lililoingia mlango wa zamani kwa shida linaweza kukataa kabisa mlango mpya. Pima mlango kabla. Makabati ya mbao za kubandika, yale yanayokuja vipandevipande kutoka nje, yana udhaifu mwingine: matundu ya skrubu hulegea, na kabati lililofunguliwa kwa pupa halifungiki tena likasimama wima. Fundi wa saa mbili hulifungua kwa mpangilio, huweka skrubu kwenye mfuko, huubandika mfuko huo kwa utepe wa gundi kwenye ubao wake, na kesho hulifunga. Vibarua hawalipwi kwa uangalifu huo, wanalipwa kwa kasi.

Friji lisafirishwe limesimama. Likilazwa, mafuta ya kompresa huhama, kwa hiyo likifika liachwe wima saa kadhaa, ikiwezekana hadi kesho yake, kabla ya kuwashwa. Friji lizimwe na kukaushwa usiku wa kabla, la sivyo barafu itayeyukia godoro. Mtungi wa gesi ufungwe, regulata itolewe, usimame wima sehemu ya wazi, usiwekwe ndani kwa dereva. Televisheni bapa isilazwe chini ya kitu chochote. Boksi za madukani ni kwa vitabu na vyombo, mifuko ya shangazi kaja na ya salfeti ni kwa nguo. Begi moja liwe lako mwenyewe mkononi: vyeti, mkataba, dawa, chaja, shuka za usiku wa kwanza, sare za watoto. Begi hilo halipandi gari la mizigo hata kama dereva ni binamu yako.

Siku ya kukabidhiwa nyumba, piga picha mita. Umeme wa LUKU ni wa kulipia kabla, lakini tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme, na nyumba iliyokaa tupu miezi kadhaa hulimbikiza deni. Mpangaji mpya hununua umeme wa elfu kumi akashangaa uniti zilizoingia. Bili ya maji nayo hufuata mita, haifuati mtu. Madeni hayo yaandikwe ni ya nani kabla ya kusaini. Kisha nenda ukajitambulishe serikali ya mtaa, maana barua yao utaihitaji siku usiyoitarajia.

Kuhama mkoa ni soko jingine. Lilipata msukumo mkubwa 2016, Rais John Magufuli alipoagiza serikali ihamie Dodoma, uamuzi uliokuwa umepitishwa tangu 1973. Safari ile ya kilomita takriban 450 iliwapa kazi wenye malori na wenye nyumba wa Dodoma kwa pamoja. Kwa mwajiriwa anayeachishwa kazi mbali na alikoajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 humtaka mwajiri amsafirishe yeye na mizigo yake kumrudisha alikoajiriwa, au amlipe gharama hizo. Haki hiyo haidaiwi inavyopaswa.

Anayejilipia mwenyewe atafute gari linalorudi. Malori hushusha viazi, vitunguu na mahindi katika masoko ya Dar es Salaam kila siku, kisha hutafuta mzigo wa kurudi Njombe, Iringa au Mbeya. Gari linalokodiwa kutoka mjini humtoza mteja kwenda na kurudi tupu. Lile linalorudi kwao limeshalipwa njia moja. Nenda sokoni, ongea na utingo, uwe tayari kusubiri siku moja au mbili. Chukua namba ya gari, leseni ya dereva na orodha iliyosainiwa.

Familia isipande lori. Treni ya reli ya kisasa (SGR), iliyoanza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Dodoma Julai 2024 kwa nauli ya shilingi 31,000 daraja la kawaida, hufika kwa saa zipatazo nne. Kwa mikoa ambayo reli hiyo haijafika, mabasi huondoka stendi ya Magufuli, Mbezi, na tangu 2023 yameruhusiwa kusafiri usiku. Mzigo utangulie siku moja ukiwa na mtu mzima wa kuupokea, watoto wafuate. Ukiwasafirisha wote pamoja, utawalaza watoto juu ya maboksi.

Kinachokosekana katika biashara hii si magari. Kinachokosekana ni mtu wa kuwajibika. Kioo kikivunjika njiani, dereva humtazama utingo, utingo humtazama kibarua aliyekwisha kulipwa akaondoka. Bima ndogo ya gari hulinda watu na mali za wengine, hailindi mzigo uliobebwa. Nairobi imetangulia kidogo kwa kuwa na kampuni zinazofungasha, kuandika orodha na kutoa ankara, lakini wateja wao ni wa kipato cha kati na juu. Teknolojia peke yake haikutosha: Sendy ya huko, iliyowaunganisha wateja na pikipiki, pikapu na malori kwa simu, ilipata mtaji wa dola milioni 20 mwaka 2020 na ikafungwa 2023.

Mwenye Canter mbili Dar es Salaam hahitaji mtaji wa namna hiyo. Anahitaji daftari la orodha lenye nakala, vibarua wanaofahamika kwa majina, fundi seremala mmoja, mablanketi ya kufunikia, na ahadi iliyoandikwa kwamba kilichovunjika kitalipwa hadi kiasi fulani. Kampuni za bima nazo zitoe bima ya siku moja ya mzigo wa nyumbani, inayolipiwa kwa simu, kwa bei ambayo mpangaji wa Tabata anaweza kuimudu. Mtu aliyekwisha kutoa milioni mbili na laki moja kwa kodi na dalali hatashindwa kuongeza elfu chache ili televisheni yake ifike salama.