OVENI INAPOUNGUZA MIKATE: NAMNA YA KUBADILISHA THEMOSTATI NYUMBANI



Katika ukurasa huu wa elimu ya nyumbani tumeona ni vyema tuzungumzie kifaa kidogo ambacho watu wengi hawakijui kwa jina, ingawa kazi yake huonekana kila keki inapotoka jikoni. Kifaa hicho ni themostati ya oveni ya umeme. Mama zetu wengi huoka keki, biskuti na mikate ya mayai kwa ajili ya nyumba zao, na wengine huoka kwa kuuza ili walipe ada na kodi. Oveni ikianza kuunguza juu na kuacha ubichi katikati, hasara huingia mara moja: unga, mayai, sukari na siagi vimepotea, na mwenye harusi anasubiri keki yake. Mara nyingi hapo husemwa kwamba oveni imekufa, inauzwa kwa bei ya chuma chakavu, na nyingine mpya inanunuliwa kwa mkopo. Kumbe pengine kilichoharibika ni kipuri kimoja tu kinachoenea kiganjani.

Themostati ni nini?

Themostati ni swichi inayojiwasha na kujizima yenyewe kwa kufuata joto. Tunapozungusha kitufe cha oveni mpaka kwenye nyuzi 180 za sentigredi, huwa tunaiambia themostati: "Ruhusu umeme upite mpaka joto lifike hapa, kisha ukate, joto likishuka, ruhusu tena."

Katika oveni kubwa themostati ina sehemu tatu. Ya kwanza ni kidole cha madini, chembamba kama penseli, kinachokaa ndani ya oveni kwenye vishikio vyake. Ndani ya kidole hicho mna kimiminika. Ya pili ni mrija mwembamba sana, unaofanana na waya, unaotoka kwenye kidole hicho kwenda nyuma ya kitufe. Ya tatu ni swichi yenyewe, ambayo ndani yake mna kijisahani chembamba. Kimiminika kikipata joto hutanuka, husukumana kupitia mrijani na kukivimbisha kijisahani, nacho hutenganisha ncha za swichi. Umeme hukatika. Kikipoa hunywea, ncha hukutana, umeme hupita tena. Oveni ndogo za kuweka mezani mara nyingi hutumia njia nyingine, nayo ni vibati viwili vya madini tofauti vilivyogandamizwa pamoja, ambavyo hupinda vinapopata joto. Pasi ya umeme nayo hufanya kazi hivyo hivyo.

Wanafunzi wetu wanaosoma sayansi wataona kwamba hapa mna somo zima la kutanuka kwa vitu kwa joto. Fikra ya chombo kujiongoza chenyewe si ya jana. Ndugu watatu wa Baghdad waliojulikana kama Banu Musa waliandika kitabu cha vifaa vya werevu mnamo mwaka 850, na humo walieleza vifaa vipatavyo 100, vingi vikijiendesha kwa nguvu ya maji na hewa. Karne ya 17, Mholanzi Cornelis Drebbel alitengeneza tanuri la kuangulia vifaranga lililojirekebisha joto kwa kutanuka kwa kimiminika. Jina themostati lenyewe lilitolewa na Andrew Ure wa Uskochi mwaka 1830.

Tujuaje kama ni themostati?

Kabla ya kununua kitu chochote tuchunguze kwanza, kwani dalili moja huweza kuwa na sababu nyingi.

Kwanza, tutazame kidole ndani ya oveni wakati imepoa na imechomolewa. Huenda kimeanguka kutoka kwenye vishikio vyake, au kimeganda mafuta ya miaka mingi. Kikiwa hivyo hakipimi joto vizuri. Tukisafishe taratibu na kukirudisha mahali pake, na pengine kazi itaishia hapo bila kutoa hata senti moja.

Pili, tutazame mpira au kamba ya kuzuia joto mlangoni. Ikiwa imechanika, joto hutoka na mikate huiva upande mmoja.

Tatu, tutazame taa ndogo ya kuonyesha kwamba oveni inapata moto. Taa ikiwaka lakini oveni haipati joto kabisa, mara nyingi kilichokatika ni koili. Taa ikibaki inawaka muda wote na joto likazidi kupanda bila kikomo, themostati ndiyo ya kutiliwa shaka. Ama ncha zake zimeungana kwa kuungua, ama kimiminika kimevuja. Kimiminika kikivuja, kijisahani hakivimbi, na swichi haipati habari kwamba oveni imeshakuwa moto.

Njia bora ya kupima ni kutumia kipimajoto cha oveni. Asiyekuwa nacho anaweza kutumia sukari nyeupe, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 186 hivi. Weka kijiko kimoja cha sukari juu ya karatasi ya foili, tegesha oveni iliyokwishapata moto kwenye nyuzi 175, na iache sukari humo kwa dakika 15. Ikiyeyuka, oveni ina joto kuliko inavyosema. Isipoyeyuka, weka sukari nyingine na upandishe hadi nyuzi 195 kwa muda huo huo. Ikibaki kavu, oveni ina joto pungufu. Kazi hii aifanye mtu mzima, kwa sababu sukari iliyoyeyuka hushika kwenye ngozi na kuunguza vibaya.

Mwenye mita ya kupimia umeme anaweza kwenda mbele zaidi, oveni ikiwa imechomolewa na nyaya za kifaa kinachopimwa zimetolewa. Themostati nzima, ikiwa baridi na kitufe kimefunguliwa, husoma karibu na sifuri. Kitufe kikifungwa, mita huonyesha hakuna njia. Koili ya wati 2000 kwa umeme wa volti 230 husoma kama omu 26. Wanafunzi wa kidato cha pili na kuendelea wanaweza kuihakikisha hesabu hiyo wenyewe: volti mara volti, gawanya kwa wati.

Usalama kwanza

Ndugu wasomaji, umeme hauna mzaha na hautoi nafasi ya kujifunza mara ya pili. Kazi hii ni ya mtu mzima aliyezoea kushika bisibisi na nyaya. Wadogo zetu wanafunzi watazame, washike tochi na kuandika namba, lakini wasiguse. Anayeona moyo wake una wasiwasi amwite fundi umeme, wala hakuna aibu katika hilo. Oveni inayowaka kwa gesi isiguswe kabisa na asiye fundi wa gesi, kwani themostati yake huzuia gesi yenyewe.

Chomoa plagi. Ikiwa jiko limeungwa moja kwa moja ukutani, zima swichi yake na meni swichi, uwaambie watu wote wa nyumbani, na ubandike karatasi ili mtu asije akawasha. Kukatika kwa umeme mtaani au kuisha kwa yuniti hakuhesabiwi kuwa ni kuzima, kwani umeme hurudi bila hodi. Hakikisha kwa testa kwamba hakuna moto kwenye nyaya. Testa yenyewe ijaribiwe kwanza mahali penye umeme, ijulikane kwamba inafanya kazi. Iache oveni ipoe kabisa. Ikiwa jiko lina mafiga ya gesi juu, funga mtungi na utoe mpira wake kabla ya kulisogeza.

Hatua za kubadilisha

1. Toa trei na waya za ndani ya oveni. Vuteni jiko watu wawili, kisha fungua bati la nyuma au la juu. Vaa glavu, maana pamba ya kuzuia joto inayozunguka oveni huwasha ngozi, na kingo za mabati hukata.

2. Piga picha ya nyaya kwa simu, na ubandike namba kwenye kila waya na mahali ulipochomekwa. Usitegemee rangi peke yake. Ndani ya oveni nyaya nyingi hufanana.

3. Ndani ya oveni, toa kidole kwenye vishikio vyake. Kwa mbele, vuta kitufe cha kuzungushia. Nyuma yake utakuta skrubu, kwa kawaida mbili. Zifungue, na themostati italegea.

4. Chomoa nyaya kwa kushika vichwa vyake kwa koleo, si kwa kuvuta waya. Kisha toa kidole na mrija wake taratibu kupitia tundu la nyuma.

5. Nenda dukani na themostati ya zamani mkononi. Linganisha namba zilizoandikwa juu yake, kiwango cha joto (kwa mfano nyuzi 50 hadi 300), urefu na unene wa kidole, urefu wa mrija, idadi ya vichwa vya nyaya, umbo la mti wa kitufe, na ampea. Oveni ya wati 2000 huvuta karibu ampea 9, na themostati nyingi za oveni zimeandikwa ampea 16. Usichukue yenye ampea ndogo kuliko ya zamani kwa sababu ya bei.

6. Pitisha kidole kipya tunduni na ukifunge kwenye vishikio, kisiguse koili wala ukuta wa oveni. Mrija usikunjwe kwa pembe kali, kwani ukivunjika kifaa kipya kimekufa siku ya kwanza. Sehemu inayozidi izungushwe duara pana, iwe mbali na vichwa vyote vya umeme.

7. Funga skrubu, kisha rudisha nyaya moja moja kwa kufuata namba na picha. Kichwa kilicholegea au kilichoungua kibadilishwe kwa kinachostahimili joto, maana penye kulegea hapo ndipo moto huanzia.

8. Hakikisha waya wa ethi, wenye rangi ya kijani na njano, umefungwa imara kwenye bodi. Rudisha mabati yote, ndipo uchomeke plagi. Usiiwashe oveni ikiwa wazi nyuma. Penye gesi, rudisha mpira na upake povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, gesi inavuja.

Kujaribu

Fungua madirisha na uiwashe oveni tupu kwenye nyuzi 200 kwa nusu saa. Taa inapaswa kuwaka, kuzima, kisha kuwaka tena. Hiyo ndiyo alama kwamba themostati inafanya kazi. Weka kipimajoto katikati na usome mara kadhaa, kwa sababu joto la oveni hupanda na kushuka hata kama kifaa ni kizima. Tofauti ya nyuzi 10 si ugonjwa. Mwokaji ataijua oveni yake na kupunguza au kuongeza kidogo.

Onyo la mwisho

Kuna mafundi ambao, wakikosa kipuri, huunganisha nyaya moja kwa moja bila themostati na kusema, "Mama, sasa inawaka." Ni kweli inawaka, lakini haina wa kuizima. Koili itaendelea kupasha bila kikomo, mafuta yaliyoganda yatashika moto, na nyumba yenye watoto waliolala iko hatarini. Oveni nyingine zina swichi ya pili ya usalama, inayokata umeme joto likizidi kiasi. Hiyo nayo isirukwe kwa sababu yoyote. Fundi akikwambia hivyo, mlipe nauli yake na umwambie arudi siku kipuri kitakapopatikana. Keki ya siku hiyo inaweza kuokwa kwa makaa juu na chini, kama walivyofanya bibi zetu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wiki hii kila mwanafunzi na amwombe mzazi wake, oveni ikiwa imepoa na imechomolewa, wafungue mlango pamoja na kutazama kama kidole kiko kwenye vishikio vyake na kama mpira wa mlango ni mzima. Ni kazi ya dakika tano, na inaweza kuiokoa oveni, mtaji wa mama, na nyumba yenyewe.