Tensa ya Mkazo na Nishati na Uga Skala katika Uhusianifu wa Jumla: Dhana na Istilahi zake kwa Kiswahili

Utangulizi

Makala haya yanafafanua dhana mbili za fizikia ya kinadharia, yaani tensa ya mkazo na nishati pamoja na uga skala, kisha yanabainisha tatizo la istilahi linalojitokeza dhana hizo zinapoelezwa kwa Kiswahili katika eneo ambalo wataalamu wake wamesomea sayansi kwa lugha tofauti. Hoja kuu ni kwamba istilahi haiwezi kusanifiwa ipasavyo kabla dhana yenyewe haijafahamika. Tafsiri ya neno kwa neno, hata ikiwa sahihi kisarufi, yaweza kulifanya jambo moja lionekane mawili.

Chanzo cha uvutano

Katika fizikia ya Newton, chanzo cha uvutano ni masi pekee. Tarehe 25 Novemba 1915, Albert Einstein aliwasilisha mbele ya Akademia ya Sayansi ya Prussia, mjini Berlin, milinganyo iliyoibadili kauli hiyo. Upande mmoja wa milinganyo hiyo hueleza mpindo wa angawakati, yaani mahali na wakati vikichukuliwa kuwa kitu kimoja. Upande wa pili hueleza kilichomo ndani ya angawakati, nao ndio tensa inayojadiliwa hapa.

Tensa hiyo yaweza kuandikwa kama jedwali la safu nne na mistari minne. Kati ya viambajengo vyake 16, vilivyo huru ni 10 tu, kwa kuwa jedwali lina ulinganifu. Kimoja hutaja wingi wa nishati katika kila kizio cha ujazo. Vitatu hutaja momenta, ambayo huenda sambamba na mtiririko wa nishati. Sita vilivyosalia hutaja mkazo: kanieneo inayousukuma uso moja kwa moja, na kani zinazouburuza uso huo kwa ubavu. Kwa hiyo, gesi yenye joto kali huvuta si kwa masi yake tu, bali pia kwa kanieneo yake.

Uga skala na kanieneo hasi

Uga, katika matumizi ya kila siku, ni uwanja ulio wazi mbele ya nyumba. Katika fizikia, uga ni kiasi chenye thamani katika kila nukta ya mahali na wakati. Halijoto ya hewa juu ya Ziwa Tanganyika ni mfano wa uga skala: kila nukta ina namba moja isiyo na mwelekeo. Upepo juu ya ziwa hilohilo una ukubwa na mwelekeo, hivyo ni uga vekta. Uga skala ulio wa msingi katika maumbile ulipata ushahidi tarehe 4 Julai 2012, maabara ya CERN, karibu na Geneva, ilipotangaza ugunduzi wa chembe iliyokuja kutambuliwa kuwa ya Higgs.

Uga skala ulio sawa kila mahali una nishati ya aina mbili: ile itokanayo na kasi ya kubadilika kwake, na nishati tuli. Wingi wa nishati yake ni jumla ya hizo mbili. Kanieneo yake ni ya kwanza kutoa ya pili. Uga ukibadilika polepole mno, nishati tuli hutawala na kanieneo huwa hasi. Maana yake si fumbo. Gesi inayotanuka huisukuma pistoni na kupoteza nishati. Mpira unaovutwa hupata nishati. Uga wenye kanieneo hasi hufanana na mpira huo, si na gesi.

Athari yake katika ulimwengu ni kubwa. Mwendo wa kutanuka kwa ulimwengu hutegemea wingi wa nishati ukijumlishwa na kanieneo mara tatu. Jumla hiyo ikiwa hasi, mtanuko huongezeka kasi. Mwaka 1981, Alan Guth alitumia uga wa namna hii kueleza mfumuko wa ulimwengu mchanga. Mwaka 1998, vikundi viwili vya wanaastronomia vilionyesha kwamba mtanuko wa sasa pia unaongezeka kasi. Iwapo chanzo chake ni thabiti ya kikosmolojia au uga skala unaobadilika polepole, bado ni swali la utafiti.

Suala la istilahi

Kiingereza huiita tensa hii kwa mkazo na nishati. Kifaransa huiita kwa nishati na momenta. Anayetafsiri kutoka Kiingereza, Kampala au Nairobi, na anayetafsiri kutoka Kifaransa, Bujumbura au Lubumbashi, watapata majina mawili ya kitu kimoja. Isitoshe, neno la Kifaransa linalotaja momenta hapa linafanana na neno la Kiingereza lenye maana ya badiliko la momenta, hivyo kosa la dhana laweza kuingia bila kuonekana.

Uteuzi wa neno una uzito pia ndani ya Kiswahili chenyewe. Shinikizo tayari lina maana ya kusukuma. ‘Shinikizo hasi’ hujipinga. Kanieneo, iliyoundwa kwa kani na eneo, ni fasili ya kiasi chenyewe na haitaji upande wowote, hivyo hupokea kivumishi ‘hasi’ bila mgongano. Mkazo nao hutumika katika isimu kwa utamkaji wa silabi, hivyo huhitaji alama ya uwanja katika kamusi.

Hitimisho

Inapendekezwa kwamba kamusi za eneo ziteue kidahizo kimoja cha tensa hii, jina la pili lielekezwe kwacho, na fasili itolewe kwa viambajengo vyake, si kwa jina la lugha chanzi. Kazi hiyo inalingana na wajibu wa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki wa kuratibu maendeleo ya lugha. Isipofanyika sasa, wakati vitabu vya sayansi vya ngazi za juu bado ni vichache, kila nchi itasanifu peke yake, na gharama ya kuoanisha itawaangukia wanafunzi.