Taa ya zambarau haiui vijidudu

Wamama, kwenye mkutano wetu wa juma lililopita mwenzetu mmoja alileta taa ndogo aliyoinunua kwa WhatsApp. Muuzaji alimwambia inaua vijidudu kwa mwanga wa UV, basi akaacha kuchemsha maji ya mtoto. Tuliiwasha, ikatoa mwanga mzuri wa zambarau. Mwanga huo ndio uliomdanganya.

Mwanga unaoua vijidudu, yaani UVC, jicho haliuoni. Rangi ile hata balbu ya mapambo ya arusi inaitoa. Tena UVC haipiti kwenye kioo cha kawaida: mrija wa taa ya kweli ni wa kioo maalumu cha kwartzi, na karatasi yake kwa kawaida hutaja nanometa 254. Ya mwenzetu ilifunikwa plastiki tupu, bila karatasi.

Muuzaji akisema mulika mikono ya mtoto, mkimbieni. UVC ya kweli inaunguza ngozi na macho. Shirika la Afya Duniani lilionya hivyo mwaka 2020.

Na kwenye maji ya matope hata taa nzuri inashindwa. Umeme wa Likasi mnaujua wenyewe.

Mwenzetu amerudia sufuria yake. Namba ya muuzaji haipatikani tena.